John Walter Gregory: Msomi wa Bonde la Ufa na Fundisho Analotuachia



Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huiona milima ya Kipengere ikiwa imesimama mkono wake wa kushoto, na uwanda mpana wa Usangu ukiwa umelala mkono wa kulia. Naye ashukaye kutoka nyanda za juu za Njombe kupitia Ludewa hadi Ziwa Nyasa huona jinsi Milima ya Livingstone inavyokatika ghafla, ikalielekea ziwa kama ukuta. Chini ya maji ardhi inaendelea kushuka, maana kina cha ziwa hilo hufikia takriban mita 700. Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba hilo ni Bonde la Ufa. Mtu aliyelieneza jina hilo duniani, na aliyeshika nyundo na kwenda kulichunguza bonde lenyewe kwa miguu, ni John Walter Gregory. Tumeona vema kuyatafakari maisha yake, kwa sababu ndani yake mna mambo ya kuiga na mna onyo zito pia.

Gregory alizaliwa London tarehe 27 Januari 1864, mtoto wa mfanyabiashara wa sufu. Alipofikia umri wa miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara hiyohiyo ya sufu. Kwa kijana wa hali yake, mlango wa chuo kikuu ulikuwa kama umefungwa. Lakini mchana alipomaliza kazi, jioni alikwenda kwenye masomo ya Birkbeck, taasisi iliyowafundisha watu wenye ajira. Hivyo ndivyo alivyojifunza jiolojia, yaani elimu ya miamba na historia ya dunia. Mwaka 1887 alipata kazi katika idara ya jiolojia ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, tawi la viumbe na maumbile. Mwaka 1891 alitunukiwa shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1893 shahada ya Udaktari wa Sayansi. Vijana wetu wanaofanya vibarua mchana na kusoma usiku wanaweza kumtambua hapa kama ndugu yao.

Mwishoni mwa mwaka 1892 alijiunga na msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kuingia bara la Afrika Mashariki. Msafara ule ulivunjika kabla ya kufika mbali. Wengi wangerudi kwao. Gregory alibaki, na mwezi Machi 1893 aliondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, kundi dogo mno kwa desturi za siku zile, akielekea Ziwa Baringo na kisha Mlima Kenya. Mwezi Agosti alikuwa amekwisha kurudi pwani. Katika miezi hiyo michache alikusanya mawe, akachora ramani na kupima miinuko, kisha akaupanda Mlima Kenya hadi kimo cha mita 5,000 hivi, akawa mwanasayansi wa kwanza kueleza habari za mito yake ya barafu. Kilele chenyewe kilifikiwa baadaye, mwaka 1899, na Halford Mackinder.

Je, swali lake lilikuwa nini? Bonde la kawaida huchimbwa na mto: maji hula udongo na miamba mwaka baada ya mwaka. Lakini bonde alilolikuta Gregory lina kuta zilizonyooka, na sakafu yake ina maziwa ambayo mengine hayana mto wa kutokea. Mwanajiolojia wa Austria, Eduard Suess, alikwisha kueleza kutokana na taarifa za wasafiri kwamba ardhi pale ilipasuka. Gregory alikwenda kuzisoma kuta zenyewe. Alitazama matabaka ya miamba pande zote mbili na chini, akaona kwamba pande la ardhi lilikuwa limezama kati ya nyufa mbili zinazokwenda sambamba. Mfano wake ni tao la matofali juu ya mlango wa kanisa: nguzo zikisogea mbali kidogo, tofali la katikati huteremka. Maelezo hayo aliyatoa katika kitabu chake kuhusu Bonde Kuu la Ufa, kilichochapishwa mwaka 1896, akionyesha kwamba ufa huo ni sehemu ya mfululizo mrefu unaoanzia Lebanoni na bonde la Yordani, unapita Bahari ya Shamu na kushuka hadi kwetu Nyasa. Kwa hiyo bonde ambamo Bwana wetu alibatizwa na ziwa wanamovua watu wa Ludewa vimo katika historia moja ya miamba.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba elimu hii ina mizizi pia ndani ya Kanisa. Mwenyeheri Nicolaus Steno, mganga wa Denmark aliyejiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1667, alichunguza milima ya Toscana, Italia, akafundisha kwamba matabaka ya miamba hulazwa kwanza yakiwa sawasawa, la chini likiwa la kale kuliko la juu. Basi tukiyakuta yameinama au yamevunjika, tunajua kwamba kuna nguvu iliyoyasogeza baadaye. Steno alipata upadre, kisha uaskofu, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1988. Msingi aliouweka ndio ambao Gregory aliutumia kuzisoma kuta za Bonde la Ufa. Mkristo hana sababu ya kuuogopa utafiti wa kweli, kwa kuwa aliyeumba miamba ndiye aliyetupatia akili ya kuisoma.

Baada ya safari ile, maisha ya Gregory yalijaa kazi. Mwaka 1900 alikwenda kuwa profesa Melbourne, Australia, na kuanzia mwaka 1904 hadi 1929 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwaka 1919 alirudi Afrika Mashariki kuyapima upya mawazo yake, na mwaka 1921 akatoa kitabu cha pili kuhusu mabonde ya ufa na jiolojia ya nchi zetu. Tunapenda kuukazia ukweli huo: baada ya miaka 26, akiwa na jina kubwa, aliona bado inampasa kurudi kuangalia tena. Sayansi imeendelea kumsahihisha hata baada ya kifo chake. Leo tunajua kwamba mapande makubwa ya gamba la dunia yanaachana polepole sana, milimita chache kwa mwaka, na kwamba karibu na Mlima Rungwe hukutana matawi ya ufa, likiwamo lile la Usangu tunalolitazama tukitokea Makambako.

Lakini ukweli wa maisha yake haukamiliki pasipo kutaja kivuli chake. Mwaka 1925 Gregory alichapisha kitabu kuhusu rangi za watu, ambamo alipinga kuchanganyika kwa watu wa rangi mbalimbali na kutetea kwamba waishi kwa kutengana. Mtu huyu alikuwa ametembea miezi mitano na Waafrika waliombebea chakula, hema na mawe yake. Pasipo mabega yao asingeufikia Mlima Kenya wala kuirudia Mombasa. Alikuwa na jicho la kuona kwamba kuta mbili zilizo mbali zilikuwa mwamba mmoja kabla ya ufa, asiwe na jicho la kuona kwamba watu wa rangi mbili ni ukoo mmoja.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu, kwa maana hukumu ni ya Mungu. Wala haitoshi kusema kwamba wengi wa zama zake waliwaza hivyo, kwa sababu Kanisa lilikwisha kupokea tangu Kitabu cha Mwanzo kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliheshimu uhuru halali wa sayansi, na katika hati ileile ukafundisha kwamba ubaguzi wowote kwa sababu ya rangi, kabila, jinsia au dini ni kinyume cha mpango wa Mungu. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Shahada kubwa haimwondolei mtu wajibu wa kumpenda jirani. Nasi tujichunguze: katika jumuiya zetu ndogondogo, je, hakuna anayepimwa kwa kabila lake, au kwa kuwa ni mgeni aliyekuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai na mbao?

Gregory alifariki tarehe 2 Juni 1932, akiwa na miaka 68. Alikuwa Peru, akichunguza milima ya Andes, mashua ilipopinduka katika mto Urubamba naye akazama. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa, linalopita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, huitwa kwa jina lake hadi leo, na madini mojawapo ya lava ya Oldoinyo Lengai yanaitwa gregoriti. Mto wa barafu uliopewa jina lake juu ya Mlima Kenya haupo tena, umeyeyuka wote. Huo nao ni ujumbe kwetu tulio walinzi wa uumbaji katika nchi hii ya chemchemi na misitu.

Wazazi, wahimizeni watoto wapende sayansi, na mwaombee wapate moyo ulio sawa na akili zao. Bwana aliyeiweka misingi ya milima awabariki nyote.