Von Lettow-Vorbeck na tarumbeta ya Tanga

Wazee wetu husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Zamani, kabla ya redio kufika vitani, pembe, ngoma na tarumbeta ndizo zilizobeba amri. Mlio ukieleweka vibaya, jeshi zima huweza kupotea. Hatari hiyo ilimpata kamanda ambaye treni zake zilipita hapa Same: Paul von Lettow-Vorbeck.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1870. Alipigana China, kisha katika nchi inayoitwa leo Namibia. Januari 1914 alifika Dar es Salaam kuongoza jeshi la Wajerumani. Agosti mwaka huohuo Vita Kuu ikaanza.

Mwanzoni mwa Novemba, Waingereza waliteremsha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Von Lettow alikuwa na watu kama 1,000 tu, tena wengi walikuwa upande wa Moshi. Akawapakia kwenye treni, wakashuka kwa reli inayopita chini ya milima ya Upare hadi Tanga. Tarehe 4 wakawarudisha nyuma Waingereza.

Jioni tarumbeta ililia kuwakusanya askari, lakini wengi walielewa kwamba warudi kambini Kange, nje ya mji. Usiku ule Tanga ilibaki karibu tupu. Waingereza hawakujua. Kesho yake walipanda meli zao, wakaacha bunduki na risasi nyingi. Von Lettow akapata sifa kwa ushindi ambao mlio mmoja ulikaribia kumnyang'anya.

Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kufuata Mto Pangani na reli, yakaichukua Same. Von Lettow alirudi kusini, akaingia Msumbiji mwaka 1917. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Vita Ulaya ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Habari zilichelewa kumfikia. Alifariki Hamburg mwaka 1964.

Wengi humsifu kwamba hakushindwa. Sisi tunawakumbuka pia wapagazi wa pande zote. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na mizigo, na vijiji vilinyang'anywa chakula. Mkipita kwenye reli pale Same, waelezeni watoto habari za watu hao pia.