Bibi Dian Fossey na Gorila Wawili Yatima

Sisi wa Rumonge tuna ziwa mbele yetu na milima nyuma yetu. Katika misitu ya Vyanda na Kigwena wamo wanyama wa jamii ya kima, na huko Vyanda wamo sokwe wachache. Si ajabu mtu wa kwetu kukutana na mtoto wa mnyama aliyeumizwa na mtego. Afanye nini? Habari za mwanamke mmoja aliyeishi nchi ya jirani, Rwanda, zinaweza kutufundisha.

Dian Fossey alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 16 Januari 1932. Tangu utoto alipenda wanyama, akataka kuwa mganga wao. Lakini masomo ya kemia na fizikia yalimshinda, akabadili njia. Mwaka 1954 alimaliza masomo ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, akapata kazi katika hospitali ya watoto mjini Louisville. Huko alijifunza kukaa na mtoto anayeumwa, kumtuliza, na kungoja bila kuchoka. Elimu hiyo ilimfaa baadaye kuliko alivyodhani.

Mwaka 1963 alikopa fedha akaja Afrika kutembea. Huko Olduvai, Tanganyika, alionana na Dakta Louis Leakey. Kisha akafika Kongo, akawaona gorila wa milimani, ambao kwa Kirundi huitwa ingagi. Hakuwasahau tena. Leakey alimsaidia kurudi, na kabla ya kuanza kazi alipita Gombe, pwani ya ziwa letu hili hili kusini ya mpaka wa Burundi, kuona jinsi Bibi Jane Goodall alivyowachunguza sokwe. Akaanza kazi Kongo mwaka 1967, lakini vita vikamtoa. Tarehe 24 Septemba mwaka ule ule alipiga hema upande wa Rwanda, kati ya milima ya Karisimbi na Bisoke. Akaunganisha majina hayo mawili, na mahali pale pakaitwa Karisoke.

Mwaka 1969 aliletewa watoto wawili wa gorila. Walikuwa wamekamatwa ili wapelekwe katika bustani ya wanyama ya Köln, Ujerumani. Walikuwa wagonjwa, wana majeraha, na wamekonda sana. Akawaita Coco na Pucker. Basi, alijaza chumba cha nyumba yake majani na miti michanga ya msituni ili wasione ugeni. Akawanywesha maziwa na dawa, akawatafutia mimea wanayoila wenzao porini. Polepole nguvu ziliwarudia, hata wakaweza kutoka nje kucheza. Naye alipata kuwatazama kwa karibu kuliko alivyoweza kuwatazama gorila wa porini.

Lakini furaha hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake. Gorila hawamtupi mtoto wao. Mtu akitaka kumchukua mmoja, wakubwa husimama kumlinda, nao huuawa. Kwa ajili ya watoto wale wawili tu, wakubwa kupita kumi walikuwa wamekufa. Fossey alitaka warudishwe msituni, lakini hakusikilizwa. Baada ya miezi michache walisafirishwa kwenda Köln. Waliishi huko miaka tisa, wakafa mwaka 1978, wote wawili katika muda wa mwezi mmoja.

Tangu hapo Fossey aliona kuwa kumtibu mtoto peke yake hakutoshi. Sharti kuzuia mtego uliomjeruhi. Akawatuma watu kuivunja mitego. Baadaye alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimwua Digit, gorila aliyempenda kuliko wote. Naye akaanzisha mfuko wa fedha za kuwalinda wengine. Mwaka 1980 aliletewa tena mtoto aliyetolewa mikononi mwa majangili, akamwita Bonne Année. Huyu hakupelekwa ng'ambo. Alipopona alirudishwa porini, na kundi moja likampokea. Hakuishi sana, karibu mwaka mmoja tu, kisha akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Lakini alifia kwao.

Tusidhani kuwa bibi huyu hakuwa na makosa. Alikuwa mkali mno, aliwatesa majangili waliokamatwa, na aligombana na wachungaji na wakubwa wa serikali. Alijipatia maadui wengi. Mwisho wa Desemba 1985 alikutwa ameuawa nyumbani kwake Karisoke. Alizikwa pale pale, kando ya makaburi ya gorila wake. Katika hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, gorila wa milimani walipita 1,000, na wakati wa uhai wake walihofiwa kwisha kabisa.

Kwetu Burundi pia yatima walikuwapo. Sokwe wadogo waliookolewa walitunzwa Bujumbura, na vita vilipoanza mwaka 1993 walitafutiwa makao Kenya, karibu na Nanyuki.

Basi, ndugu zangu, mtoto wa mnyama anapotembezwa sokoni, huruma hutuambia tumnunue ili tumwokoe. Lakini fedha yetu ndiyo itakayomrudisha mwindaji msituni kesho kumwua mama mwingine. Heri kwenda haraka kwa walinzi wa msitu kuwapasha habari. Na tukiona waya umetegwa njiani tunapokata kuni, tuwaonyeshe uondolewe. Kidonda ambacho hakikutokea hakihitaji dawa.