J.L.B. Smith: Mwanakemia aliyemsaka silikanti kwa miaka 14

Tarehe 29 Desemba 1952, ndege ya kijeshi aina ya Dakota kutoka Afrika Kusini ilitua Pamanzi, Mayotte, katika visiwa vya Komoro ambavyo wakati huo vilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Abiria wake mkuu, mtu mwembamba wa miaka 55, alipelekwa moja kwa moja kwenye jahazi lililokuwa limetia nanga. Sandukuni mlikuwa na samaki mkubwa aliyefunikwa kwa pamba. Pamba ilipoondolewa, mgeni huyo alipiga magoti mbele ya watu wote na machozi yakamtoka.

Alikuwa Profesa James Leonard Brierley Smith, na samaki yule alikuwa amemtafuta kwa miaka 14. Wavuvi wa Komoro, kwa upande wao, walikuwa wakimjua kwa jina tangu zamani.

Mwanakemia aliyependa samaki

Smith alizaliwa tarehe 26 Septemba 1897 katika mji wa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, akiwa mtoto wa mkuu wa posta. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Afrika Mashariki kama askari. Huko aliugua vibaya, na afya yake haikuwahi kutengemaa kikamilifu tena. Baada ya vita alisomea kemia hadi akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1922, kisha akarejea kufundisha somo hilo mjini Grahamstown.

Samaki hawakuwa kazi yake ya kuajiriwa. Tangu utotoni alipenda kuvua kwa mshipi, na akiwa mhadhiri alijifunza mwenyewe elimu ya samaki, akiandika makala za kitaalamu wakati wa likizo. Sifa yake ilienea kiasi kwamba majumba madogo ya makumbusho ya pwani yalimtegemea kila yalipopata samaki asiyetambulika.

Desemba 22, 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba la makumbusho la East London, alimkuta samaki wa ajabu katika shehena ya meli ya uvuvi ya Nerine. Alikuwa na urefu wa takribani mita moja na nusu, uzito wa kilo 57, magamba magumu, na mapezi yenye mashina ya nyama mfano wa viungo vya mnyama. Alimwandikia Smith barua na kumchorea picha. Lakini Smith alikuwa likizoni Knysna, na barua ikamfikia tarehe 3 Januari 1939. Alipotuma simu ya maandishi kuomba viungo vya ndani vihifadhiwe, vilikuwa vimekwisha kutupwa. Ilibaki ngozi, fuvu na vipande vichache.

Hata hivyo, alipomwona mwezi Februari hakubaki na shaka. Alikuwa silikanti, wa ukoo ambao wanasayansi waliufahamu kwa visukuku tu, wakiamini kuwa ulitoweka zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita. Smith alimpa jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Courtenay-Latimer na ya mto Chalumna, ambao samaki huyo alivuliwa karibu na mlango wake.

Kipeperushi cha pauni 100

Furaha ile iliacha pengo. Bila moyo, ubongo na matumbo, maswali makubwa hayakuwa na majibu. Smith alihitaji silikanti wa pili, tena mzima. Vita Kuu ya Pili ilimchelewesha, lakini ilipomalizika aliacha kemia na kuingia katika utafiti wa samaki moja kwa moja. Pamoja na mkewe Margaret, ambaye naye alisomea kemia kisha akajifunza kuchora samaki, alisafiri msimu baada ya msimu katika pwani ya Msumbiji, na baadaye Kenya, Pemba na Unguja. Kitabu chake kikubwa kuhusu samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika kilitoka mwaka 1949. Kwa jumla alizitambulisha kwa sayansi takribani spishi 370 mpya.

Baadhi ya njia zake leo zisingekubalika. Ili kupata samaki wa miambani alitumia baruti, ambayo huua kila kilicho karibu na kuvunja matumbawe.

Ili kumpata silikanti, alisambaza kipeperushi chenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Kiliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, yaani lugha za watawala. Mvuvi aliyesema Kiswahili au Kikomoro tu alibakiwa na picha, labda apatikane mtu wa kumsomea.

Mwaka 1952, wakiwa Zanzibar, akina Smith walimfahamu Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi kati ya Zanzibar na Komoro. Alichukua vipeperushi na kuvipeleka visiwani.

Usiku wa Desemba 20 mwaka huo, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua silikanti kwa mshipi karibu na Domoni, kisiwani Nzwani. Kwake hakuwa muujiza, kwani alikuwa gombessa, ambaye mara mojamoja hunasa wavuvi wanapotafuta samaki wengine wa kilindini. Siku iliyofuata, samaki akiwa karibu kukatwakatwa, mwalimu Affane Mohamed alimtambua kutokana na kipeperushi na kuzuia kisu. Samaki alibebwa takribani kilomita 40 kuvuka milima hadi Mutsamudu kwa Hunt, ambaye alimtia chumvi, kisha akatafuta dawa ya kumhifadhi.

Habari zilimfikia Smith Durban, mkesha wa Krismasi. Kwa hofu kwamba samaki ataoza, alimpigia simu usiku Waziri Mkuu D.F. Malan, mkuu wa serikali ya ubaguzi wa rangi, na kumwomba ndege. Malan alikubali.

Jina la nani?

Abdallah alilipwa zile pauni 100. Hata hivyo, Smith alipoona samaki huyo hana pezi moja la mgongoni, alidhani ni jamii tofauti na kumwita Malania anjouanae, kwa heshima ya waziri mkuu na kisiwa. Baadaye ilibainika kuwa pezi lilikosekana kwa hitilafu ya samaki yule tu, na jina hilo likaachwa. Mvuvi na mwalimu hawakuwamo katika jina lolote.

Wafaransa nao walifunga milango ya Komoro kwa watafiti wa nje, na silikanti waliofuata wakachunguzwa Paris. Hunt alipotea baharini mwaka 1956. Mwaka huohuo Smith alichapisha kitabu kuhusu msako wake, kilichosomwa katika nchi nyingi. Tarehe 8 Januari 1968, akiwa na miaka 70 na afya iliyodhoofika, alijitoa uhai mjini Grahamstown. Margaret aliongoza taasisi ya samaki iliyopewa jina la mumewe.

Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani Hans Fricke na wenzake walimwona silikanti akiwa hai kilindini, kando ya Ngazidja, wakiwa ndani ya chombo kidogo cha kuzamia. Baadaye waliwafunga baadhi yao vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti ili kuwafuatilia. Walionekana wakijificha mapangoni mchana na kutoka usiku. Hawakutembea kwa mapezi sakafuni mwa bahari, kama Smith alivyowahi kudhani.

Silikanti alipatikana Malindi, Kenya, mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2003 makumi walinaswa Tanzania, wengi wao Tanga, katika majarife yaliyotegewa papa. Mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa. Ulinzi wa samaki huyo sasa unategemea zaidi wavuvi wa pwani hii, ambao kipeperushi cha Smith hakikuzungumza nao kwa lugha yao.