Lady Mary Montagu: Mama aliyemchanja mwanawe wakati madaktari wa nchi yake wakisita

Mwezi Machi mwaka 1718, ajuza mmoja wa Kigiriki aliitwa kwa familia ya balozi wa Uingereza mjini Istanbul ili amchanje mtoto wa kiume ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 5. Baba wa mtoto, yaani balozi mwenyewe, alikuwa safarini kikazi. Aliyetoa uamuzi alikuwa mama yake, Lady Mary Wortley Montagu, mwanamke wa miaka 28 aliyekuwa na makovu usoni. Makovu hayo yaliachwa na ugonjwa uleule aliotaka kumkinga nao mwanawe: ndui.

Ndui haipo tena duniani, na wengi walio hai leo hawajapata kumwona mgonjwa wake. Haifai kuichanganya na tetekuwanga, ambayo watoto wengi huugua na kupona. Katika Uingereza ya karne ya 18, takriban mmoja kati ya kila wagonjwa sita wa ndui alikufa. Wengine walipona wakiwa vipofu, au wakiwa na nyuso zilizochimbika maisha yao yote.

Binti aliyejisomea mwenyewe

Mary alizaliwa mwaka 1689 katika ukoo wa makabaila. Baba yake, Evelyn Pierrepont, baadaye alipewa cheo cha Duke wa Kingston. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Zama hizo wasichana hawakufundishwa elimu ya juu, lakini Mary alijifungia katika maktaba ya baba yake na kujifunza Kilatini bila mwalimu.

Mwaka 1712 baba alitaka kumwoza kwa mtu asiyempenda. Mary alitoroka na kufunga ndoa na Edward Wortley Montagu, aliyekuwa mbunge. Mwezi Mei mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, naye akapewa jina la baba yake, Edward. Furaha hiyo haikudumu. Mwezi Julai mwaka huohuo William, kaka pekee wa Mary, alikufa kwa ndui akiwa na miaka 20.

Mwezi Desemba mwaka 1715 zamu ikawa yake. Mary alikuwa akisifiwa kwa uzuri katika jumba la mfalme, na walioisikia habari ya ugonjwa wake walidhani hataamka tena. Alipona, lakini ngozi ya uso wake iliharibika, na kope zake zilizong'oka hazikuota tena.

Safari ya Uturuki

Mwaka 1716 mumewe aliteuliwa kuwa balozi katika Dola ya Uthmaniya. Mary hakubaki nyumbani kama wake wengi wa mabalozi. Alimchukua mwanawe, wakapita Vienna na Belgrade katikati ya majira ya baridi, na kufika Edirne katika majira ya kuchipua ya mwaka 1717.

Huko alipata kuingia mahali ambapo wasafiri wanaume hawakuweza kuingia: katika vyumba vya wanawake na katika mabafu yao. Ndipo alipogundua kwamba watu wa nchi hiyo hawakuiogopa ndui kama ilivyoogopwa London. Tarehe 1 Aprili mwaka 1717 alimwandikia rafiki yake Sarah Chiswell barua iliyoeleza sababu.

Kila mwaka joto lilipopungua, mwezi Septemba, familia zilikusanyika, zikamwita mmoja wa vikongwe waliokuwa na ujuzi huo. Kikongwe alikuja na usaha wa ndui ya mgonjwa aliyeugua kwa wepesi, akiwa ameuweka katika ganda la jozi. Aliichana ngozi kwa sindano, akatia usaha kiasi cha ncha ya sindano, kisha akafunga jeraha. Watoto walicheza pamoja kwa muda wa wiki moja. Siku ya nane homa iliwashika, wakalala kitandani siku mbili au tatu, vipele vichache vikatoka, kisha wakapona. Baada ya hapo ndui haikuwapata tena.

Mary alimweleza rafiki yake kwamba angejitahidi kuipeleka desturi hiyo Uingereza, ingawa alishuku kwamba madaktari wa huko wangeipinga kwa kuhofia mapato yao. Habari zenyewe hazikuwa ngeni kwao. Tangu mwaka 1714 taarifa ya daktari Emanuel Timoni wa Istanbul ilikuwa imesomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi mjini London, lakini hakuna aliyethubutu kuijaribu kwa mtoto wake.

Uamuzi wa mama

Ugumu wa uamuzi huo ni rahisi kuelewa. Mtoto alikuwa mzima, anakimbia na kucheza. Kumchanja kulikuwa kumtia ugonjwa kwa makusudi, tena ugonjwa uliokwisha kumwua mjomba wake. Angekufa, lawama isingekuwa ya Mungu wala ya bahati mbaya, bali ya mama. Upande wa pili, kumwacha bila kinga kulikuwa kumwekea rehani maisha yake yote, kwa kuwa katika London ndui ilirudi tena na tena.

Mary alimwagiza Charles Maitland, daktari mpasuaji wa ubalozi, amtafute mwanamke mwenye ujuzi na kusimamia kazi hiyo. Mkono wa ajuza yule ulitetemeka, na sindano yake ilikuwa na kutu, hata mtoto akaumia sana. Maitland aliuchanja mkono wa pili kwa kisu chake mwenyewe. Baada ya siku chache Mary alimwarifu mumewe kwa barua kwamba mtoto amechanjwa, kwamba anaimba na kucheza, na kwamba anangojea kwa hamu chakula cha jioni. Homa na vipele vilikuja kwa wakati wake, vikapita.

Binti yake mchanga, aliyezaliwa mwezi Januari mwaka huo, hakuchanjwa. Mwanamke aliyemnyonyesha hakuwa amepata kuugua ndui, na mtoto aliyechanjwa aliweza kumwambukiza mtu wa karibu. Mary hakutaka kumkinga mwanawe kwa kuhatarisha maisha ya mtumishi.

London yashuhudia

Familia ilirejea Uingereza mwishoni mwa mwaka 1718. Mwezi Aprili mwaka 1721 ndui ilizuka London kwa nguvu. Mary alimwita Maitland na kumtaka amchanje binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka 3. Maitland alisita. Jambo lililofanyika mbali Istanbul lilikuwa tofauti na jambo la kufanywa mbele ya macho ya madaktari wenzake. Alikubali kwa sharti kwamba wawepo mashahidi.

Mtoto alichanjwa, akaugua kidogo, akapona. Miongoni mwa madaktari waliokuja kumtazama alikuwa James Keith, baba aliyekwisha kuwazika watoto wake kwa sababu ya ndui na kubakiwa na mmoja tu wa kiume. Alipoona hali ya binti wa Mary, hakungoja. Aliomba mwanawe naye achanjwe.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, jambo kama hilo lilitokea Boston. Huko elimu ya kuchanja ilitoka Afrika. Mtumwa aliyeitwa Onesimus alikuwa amemweleza mhubiri Cotton Mather kwamba alichanjwa alipokuwa kwao. Ndui ilipoingia mjini, daktari Zabdiel Boylston alianza kwa kumchanja mwanawe wa miaka 6. Watu 844 walikufa kwa ndui mjini Boston katika mlipuko huo, lakini kati ya watu zaidi ya 240 waliochanjwa na Boylston, walikufa 6.

Mwezi Agosti mwaka 1721 wafungwa 6 wa gereza la Newgate, waliohukumiwa kunyongwa, walichanjwa kwa ahadi ya kuachiwa huru. Wote walipona, wakaachiwa. Mwezi Aprili mwaka 1722 Caroline, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, aliwachanja binti zake wawili. Tangu hapo familia nyingi za tabaka la juu zilifuata.

Upinzani na majuto

Waliopinga hawakukosa hoja. Wahubiri kama Edmund Massey walidai kwamba maradhi hutoka kwa Mungu na si haki ya binadamu kuyapanda. Daktari William Wagstaffe alidharau desturi iliyotoka kwa wanawake wasio na elimu wa nchi ya mbali. Lakini hofu nyingine ilikuwa ya kweli. Mtoto mdogo wa Earl wa Sunderland alikufa mwaka 1722 baada ya kuchanjwa. Huko Hertford watumishi wa nyumba moja waliambukizwa na mtoto aliyechanjwa.

Jibu lililowasaidia wazazi kuliko mahubiri lilikuja kwa hesabu. James Jurin, katibu wa Jumuiya ya Kifalme, alikusanya habari kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba kati ya waliochanjwa alikufa takriban mmoja katika 50, lakini kati ya walioambukizwa kwa njia ya kawaida alikufa takriban mmoja katika 6. Hatari haikuondoka, lakini sasa mzazi aliweza kuzipima hatari mbili na kuchagua iliyo ndogo.

Mary mwenyewe alichapisha makala gazetini mwaka 1722 bila kutaja jina lake, akiwalaumu madaktari kwa kutumia usaha mwingi na kuwakata wagonjwa vidonda vikubwa, tofauti na vikongwe wa Uturuki. Mjukuu wake, Lady Louisa Stuart, aliandika baadaye kwamba bibi yake alichoshwa na matusi na uhasama kiasi cha kujutia mara nyingi kazi aliyoianza. Mwaka 1726 rafiki yake Sarah Chiswell, aliyepokea ile barua ya kwanza, alikufa kwa ndui.

Makovu mawili

Maisha ya Mary hayakuwa na raha nyingi baada ya hapo. Mwanawe alikuwa mtukutu, akatoroka shule. Tangazo la kumtafuta liliwataka watu waangalie alama ndogo ya mviringo kwenye kila mkono: makovu ya chanjo ya Istanbul. Mama na mwana hawakupatana tena vizuri. Binti yake, aliyeitwa Mary kama mama yake, aliolewa na Lord Bute, ambaye mwaka 1762 alikuwa waziri mkuu. Mary aliondoka Uingereza mwaka 1739 na kuishi Italia na Ufaransa zaidi ya miaka 20. Alirejea London mwanzoni mwa mwaka 1762, na akafariki tarehe 21 Agosti mwaka huo.

Miaka mitano kabla ya kifo chake, mtoto yatima wa miaka 8 alichanjwa katika wilaya ya Gloucestershire kwa njia iliyotoka Uturuki. Mtoto huyo alikuwa Edward Jenner. Mwaka 1796 Jenner alionyesha kwamba usaha wa ndui ya ng'ombe unakinga dhidi ya ndui ya watu kwa hatari ndogo zaidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa chanjo ya kwanza.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Benjamin Franklin wa Marekani aliujua uchungu huo. Mwanawe Francis alikufa kwa ndui mwaka 1736 akiwa na miaka 4, kabla hajachanjwa, na katika kitabu cha maisha yake Franklin alikiri kwamba aliendelea kujuta, akawasihi wazazi wengine wachague njia iliyo salama zaidi.

Mgonjwa wa mwisho wa ndui aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Afrika Mashariki. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, aliugua mwezi Oktoba mwaka 1977. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake. Alipokutana na wazazi waliosita, aliwasimulia habari yake mwenyewe, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2013.