Santiago Ramón y Cajal na Neva Iliyokatika

Mtu akikatwa na panga katika kifundo cha mkono wakati wa kufyeka shamba, ngozi huweza kupona kwa majuma machache, lakini vidole vikabaki na ganzi, havishiki jembe wala kalamu. Sababu ni kuwa pamoja na nyama imekatika neva, yaani mshipa wa fahamu. Miongoni mwa waliotuonyesha waziwazi jinsi neva inavyoota tena, wa mbele ni Mhispania Santiago Ramón y Cajal.

Alizaliwa tarehe 1 Mei, 1852, katika kijiji cha Petilla de Aragón. Baba yake alikuwa daktari, mtu mkali sana. Santiago naye alikuwa mtundu kupita kiasi: alipokuwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga, akavunja lango la jirani, akafungwa siku chache. Alichopenda ni kuchora. Baba aliona uchoraji ni kazi ya wavivu, akampeleka kwa kinyozi, kisha kwa fundi wa viatu. Mwishowe akampeleka makaburini kuokota mifupa ya kale, akamfundishia umbile la mwili. Kijana akaanza kuichora mifupa ile, na udaktari ukamwingia kwa njia ya mchoro. Mimi nasema baba alikosea juu ya rangi, lakini juu ya mifupa alipatia.

Mwaka 1874 alipelekwa Kuba kama daktari wa jeshi, na malaria nusura imwue. Fedha alizoweka akiba huko ndizo zilizomnunulia hadubini. Mwaka 1887 alionyeshwa mjini Madrid njia ya Mwitalia Camillo Golgi ya kutia chembe za neva rangi nyeusi kwa madini ya fedha. Akaitengeneza zaidi, na mwaka 1888, huko Barcelona, akaona kwamba kila chembe inasimama peke yake, wala hazikuungana kama nyuzi za wavu, kama wakubwa wa elimu walivyoamini. Lakini nani Ulaya aliyesoma Kihispania? Basi mwaka 1889 alikwenda Berlin kwa fedha zake mwenyewe, na kwa Kifaransa cha kuungaunga akawavuta wakubwa mmoja mmoja hadi kwenye hadubini yake. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Golgi, ambaye hata siku ile alizidi kumpinga.

Kuanzia mwaka 1905 aligeukia neva zilizokatika. Ilijulikana kwamba sehemu iliyotengwa na chembe yake hufa. Kilichobishaniwa ni nyuzi mpya zinatoka wapi. Wengine walisema zinazaliwa papo hapo, katika kile kipande cha mbali. Cajal aliwakata wanyama neva, akachungua saa kwa saa na siku kwa siku, akaona nyuzi zinachipua kutoka kisiki kilicho upande wa uti wa mgongo. Kila chipukizi lina ncha iliyovimba, nayo hutafuta njia. Chembe za kipande cha mbali hutoa vitu vya kuivuta, lakini ikikuta kovu hupotea na kuzungukazunguka. Matokeo hayo aliyachapa katika vitabu viwili, mwaka 1913 na 1914.

Hapo ndipo kazi ya leo ilipoanzia. Uzi wa neva huota kama milimita 1 kwa siku, nao wahitaji daraja. Pengo likiwa kubwa, madaktari huchukua neva ya mguuni wakaiunga mkononi, na mguu hubaki na ganzi kidogo. Kwa pengo dogo, lisilozidi kama sentimita 3, waweza kutia mrija wa kolajeni, ambao mwili huuyeyusha pole pole. Tena zimetokea mashine zinazochapa mirija kwa chembe hai, mfano wa mashine ya kuchapa vitabu. Kazi hii kwa sehemu kubwa ingali ya majaribio ya wanyama, ingawa katika miaka ya 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliwapandikizia wagonjwa wachache mirija iliyochapwa kwa chembe za miili yao wenyewe.

Cajal alifariki Madrid mwezi wa Oktoba, 1934. Michoro yake ya nyuzi zilizopotea ndani ya kovu imehifadhiwa huko, na mwaka 2017 UNESCO iliitia katika orodha ya kumbukumbu za dunia.