Josiah Wedgwood: Mfinyanzi aliyeokolewa na daftari

WAHENGA walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kuna jamaa mmoja wa Uingereza aliyejifunza somo hilo kwa uchungu zaidi ya miaka 250 iliyopita, na jina lake bado limechapwa chini ya vikombe na sahani hadi leo.

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka wa 1730 mjini Burslem, Staffordshire, akiwa kitindamimba katika familia ya wafinyanzi. Babake alifariki Josiah akiwa na umri wa miaka tisa tu, na kijana akaingia kazini mapema. Kabla hajabaleghe akaugua ndui. Alipona, lakini goti la kulia likabaki bovu, hivyo kukanyaga gurudumu la kufinyangia ikawa shida. Wengine wangekata tamaa. Yeye akageukia majaribio ya udongo na rangi, kila jaribio akiliandika.

Mwaka wa 1759 alianzisha biashara yake mwenyewe. Vyombo vyake vya rangi ya malai vilimpendeza Malkia Charlotte, na matajiri wakaanza kuvigombania. Mnamo 1768 mguu wake mbovu ulikatwa, enzi ambazo hapakuwa na dawa ya usingizi. Mwaka uliofuata, yeye na mshirika wake, Thomas Bentley, wakafungua kiwanda kikubwa cha Etruria.

Kwa nje, mambo yalikuwa shwari. Wateja walikuwa wengi na sifa zilikuwa zimevuka mipaka. Kumbe ndani pesa zilikuwa haba!

Mnamo 1772 benki moja ya London iliporomoka, na mtikisiko ukasambaa kote nchini. Mikopo ikakauka, wanunuzi wakapungua, bidhaa zikarundikana ghalani. Wedgwood alikabiliwa na maswali magumu: apunguze bei au aongeze? Atengeneze nini, na aache nini? Hapo ndipo alipogundua kwamba hakujua hata gharama halisi ya kutengeneza chombo kimoja.

Basi akaketi na vitabu vya hesabu. Akapiga hesabu ya kila hatua, kuanzia udongo na makaa hadi mishahara na mauzo. Takwimu zikakataa kuoana. Alipozidi kuchimba, akabaini kuwa karani wake mkuu alikuwa akifuja pesa za kampuni. Karani mwingine akaletwa, na hesabu zikaanza kukaguliwa kila wiki.

Ila funzo kubwa halikuwa la wizi. Wedgwood aling'amua kuwa kuna gharama zisizojali umetengeneza vyombo vingapi. Kodi ya jengo, kalibu na mishahara ya makarani ni zile zile, utoe vyombo 10 au 100. Kwa hivyo, kutengeneza aina nyingi mno, kila moja chache chache, kulikuwa kunamla mfukoni. Kutoa vyombo vingi vya aina moja kungeshusha gharama ya kila kimoja.

Uamuzi ukafuata hesabu. Kwa kuwa matajiri tayari walikuwa wamejaza vyombo vyake majumbani, alishusha bei ya baadhi ya bidhaa ili watu wa kipato cha kati nao wamudu. Hakuwa akibahatisha tena. Alijua bei anayoweza kufika bila kupata hasara. Kampuni ikapita dhoruba iliyowafilisisha wafanyabiashara wengi.

Baadaye alibuni kifaa cha kupima joto la tanuri, na mnamo 1787 akatengeneza nishani iliyotumiwa kupinga biashara ya watumwa. Aliaga dunia Januari 1795, akiwa na umri wa miaka 64. Mwanasayansi Charles Darwin alikuwa mjukuu wake.

Sasa rudi kwako wewe unayeuza mitumba mtandaoni au smokie kando ya barabara. Simu inalia pesa zikiingia siku nzima na unahisi umeomoka. Lakini je, umeondoa kodi, nauli, ada za kutuma pesa na ile bidhaa iliyoharibika? Kabla ya kukopa ili ufungue duka la pili, hakikisha unajua kama hilo la kwanza linakulisha au linakula. Wedgwood alikuwa na malkia kama mteja, na bado nusura azame kwa kutojua.