Mtume wetu s.a.w. na majina ya vyombo vyake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ni desturi ya kale ya binadamu kukipa jina makhsusi kitu akipendacho. Sisi watu wa pwani twaijua sana, kwani jahazi haliingii majini bila ya jina, na nahodha hukitaja chombo chake kama amtajavyo mwanawe. Wako pia wazipao majina bakora zao, saa zao na kalamu zao za wino. Katika jambo hili watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lasema ni mchezo wa watoto usio na asili katika dini. Kundi la pili limepita mpaka: likishakipa chombo jina hukichinjia kafara, hukifunga hirizi omoni, na kukiogopa kana kwamba kina roho ya kudhuru na kunufaisha. Atakaye kujua haki i wapi baina ya makundi haya na ayatazame maisha ya Bwana Mtume Muhammad s.a.w., kwani katika sira yake vyombo na vipando vyake vimetajwa kwa majina, kimoja kimoja, hata siku ya kufa kwake.

MAKKA

Alizaliwa Makka katika Mwaka wa Ndovu, ambao wengi waukadiria kuwa ni 570 au 571. Mwaka huo Abraha, mtawala wa Yaman, alikuja na jeshi ili kuivunja Al-Kaaba, na mbele ya jeshi alikuwako ndovu ambaye wapokezi wa sira wamtaja kwa jina la Mahmud, maana yake mwenye kusifiwa. Jina lake lilikuwa zuri na nguvu zake zilikuwa nyingi, lakini alipoelekezwa upande wa Makka alipiga magoti akakataa kwenda, na jeshi likaangamia kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Khabari ya ndovu huyu tutairudia mbele, inshallah.

Baba yake Abdallah alikufa kabla hajazaliwa, na mama yake Amina alikufa naye ni mtoto wa miaka sita. Alilelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Urithi alioachiwa na babake ulikuwa mchache: ngamia watano, kondoo kidogo, na mjakazi Umm Ayman aliyemlea. Yasemwa kuwa upanga ulioitwa Al-Maathur nao ulitoka kwa babake.

Makka ya zama zile ilikuwa imejaa vitu vyenye majina. Watu wake waliabudu Hubal, na Lata, na Uzza, na Manata. Mawe na miti iliyochongwa kwa mikono ya watu, kisha watu wale wale wakaipa majina, na baada ya kuipa majina wakaisujudia. Alipopewa utume, naye ni mtu wa miaka arubaini, Qur'ani iliwajibu kuwa hayo si chochote ila ni majina waliyoyabuni wao na baba zao, wala Mwenyezi Mungu hakuyateremshia hoja yoyote. Huu ndio msingi wa maneno yetu yote: jina litolewalo na binadamu halizidishi katika kitu nguvu ambayo Mola hakuiweka. Kwa neno hili Bwana Mtume aliudhiwa miaka kumi na mitatu, yeye na masahaba wake.

MADINA NA AL-QASWAA

Mwaka 622 alihamia Madina. Sayyidna Abu Bakr alikuwa ameandaa ngamia wawili kwa safari hiyo, naye Bwana Mtume alikataa kumchukua mmoja wao ila kwa kumnunua. Yasemwa kuwa huyo ndiye Al-Qaswaa, aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko vipando vyake vyote. Alipoingia Madina kila ukoo ulimwomba ashukie kwao, na kila mmoja ulishika hatamu. Yeye akawaambia wamwache ngamia aende, kwani ameamrishwa. Ngamia akapiga magoti kwenye uwanja wa kuanikia tende wa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Bwana Mtume aliununua uwanja ule akaujenga msikiti wake. Wala hatukusikia kwamba masahaba walimfanya ngamia huyu kuwa kitu cha kuombwa, ijapokuwa yeye ndiye aliyesimama mahali pa msikiti. Aliendelea kupandwa na kutumikishwa kama ngamia mwengine.

Katika farasi zake alikuwako mmoja aliyemnunua kwa mtu wa Bani Fazara. Bwana wake wa kwanza alimwita Ad-Dhiris, jina lenye maana ya ukali na ugumu wa tabia. Bwana Mtume akalibadili akamwita As-Sakb, maana yake mwenye kumiminika kama maji kwa wepesi wa mbio zake. Hivi ndivyo ilivyokuwa kawaida yake hata kwa watu: alipokuta jina baya alilibadili kwa jina jema. Mwanamke aliyeitwa Aasiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Basi jina jema ni adabu na ni heshima kwa kitu Alichokuumba Mola, si uganga.

BADRI NA UHUD

Mwaka wa pili wa Hijra (624) ilikuwa vita vya Badri, na katika ngawira za siku hiyo Bwana Mtume alipata upanga uitwao Dhulfiqar. Uliitwa hivyo kwa sababu ya alama zilizokuwa mgongoni mwake mfano wa pingili za uti wa mgongo. Upanga huu umetajwa sana katika tenzi za pwani, kwa kuwa baadaye ulikuwa mikononi mwa Sayyidna Ali. Watu wameuchora ukiwa na ncha mbili, na wengine wamesema uliteremka kutoka mbinguni. Hayo hayana asili sahihi. Ulikuwa ni upanga wa chuma, mali ya mtu katika makafiri wa Kikureshi aliyeuawa siku ile. Ndugu Muislamu, hebu fikiri: upanga ule ule, kwa jina lile lile, ulikuwa mkononi mwa mushriki, na haukumwokoa.

Mwaka uliofuata (625) ilikuwa Uhud. Kabla ya vita Bwana Mtume aliota kuwa upanga wake umepata pengo, akafasiri ndoto ile kuwa ni msiba utakaowafika watu wake. Siku hiyo alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, na mkononi mwake alikuwa na uta ulioitwa Al-Katum, maana yake mwenye kuficha siri, kwani haukutoa sauti ulipovutwa. Alipiga mishale hata uta ule ukavunjika, na vipande vyake akavichukua Qatada bin Nuuman. Juu ya deraya zile mbili, jino la Bwana Mtume lilivunjika na uso wake ukatoka damu. Yeye ndiye kiumbe bora, na silaha zake zilikuwa na majina mazuri kuliko silaha zetu zote. Na hata hivyo alijeruhiwa, ili umma wake ujue kuwa kinga ni ya Mwenyezi Mungu, na deraya ni sababu tu.

AL-ADHBAA

Alikuwa na ngamia aliyeitwa Al-Adhbaa, na wako wanazuoni wasemao kuwa huyo na Al-Qaswaa ni mmoja. Jina hili maana yake ni mwenye sikio lililopasuliwa, na wengine wamesema sikio lake lilikuwa zima, bali ni jina tu. Khabari zake mbili zatosha kuwa mafunzo.

Ya kwanza ni kuwa maadui waliwahi kumteka pamoja na mwanamke mmoja wa Kiansari. Usiku mmoja mwanamke yule alijifungua kamba akaenda penye ngamia. Kila aliyemkaribia aliguna, mpaka alipofika kwa Al-Adhbaa. Huyo hakuguna, kwani alikuwa ngamia aliyefundishwa vyema. Akampanda akakimbia, na maadui wakamfuata wasimpate. Njiani akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimwokoa atamchinja ngamia huyu. Watu wa Madina walipomwona walimtambua ngamia, wakamtaja kwa jina lake, wakapeleka khabari kwa Bwana Mtume. Yeye akastaajabu, akasema kuwa mwanamke yule amemlipa ngamia malipo mabaya, naye ndiye aliyemwokoa. Kisha akafundisha kuwa hakuna kutimiza nadhiri iliyo katika maasi, wala katika kitu ambacho mtu hakimiliki. Tazama huruma hii kwa mnyama, na tazama mafunzo haya juu ya nadhiri, jambo ambalo kwetu limechezewa sana.

Ya pili ni kuwa Al-Adhbaa alikuwa hashindwi kwa mbio. Siku moja alikuja bedui juu ya ngamia wake kijana, akampita. Masahaba waliona uzito mkubwa, hata uzito huo ukaonekana nyusoni mwao. Bwana Mtume hakukasirika, wala hakutafuta sababu ya kushindwa. Aliwaambia kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila Yeye hukishusha. Wenye kujifakharisha kwa majahazi yao, kwa majumba yao na kwa magari yao na wayashike maneno haya.

HUDAIBIYA MPAKA HUNAIN

Mwaka wa sita (628) alitoka kwenda kufanya Umra. Walipofika Hudaibiya, Al-Qaswaa akapiga magoti asiondoke. Watu wakasema amekuwa mkaidi. Bwana Mtume akamtetea, akasema kuwa huo si mwenendo wake, bali amezuiliwa na Yule aliyemzuia ndovu. Hapa ndipo khabari ya Mahmud inaporudi. Ndovu wa adui na ngamia wa Mtume, wote wawili walikuwa na majina, na wote wawili walisimama kwa amri moja. Ngamia hakusifiwa kuwa ana siri, wala hakulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Baadaye Muqauqis, mtawala wa Misri, alimpelekea zawadi, na ndani yake alikuwamo nyumbu mweupe aliyeitwa Duldul. Lakini hakuacha kupanda punda. Alikuwa na punda jina lake Ufair, na juu ya punda huyo alimpakia Muadh bin Jabal nyuma yake, akamfundisha haki ya Mwenyezi Mungu juu ya waja wake, nayo ni kumwabudu Yeye peke yake pasina kumshirikisha na chochote.

Mwaka wa nane (630) aliifungua Makka. Palikuwa na masanamu mia tatu na sitini pembezoni mwa Al-Kaaba, akawa akiyadukua kwa kijiti nayo yakianguka. Majina yao yote hayakuyashika yasianguke.

Baada ya hapo alitoka kwenda Hunain, na pamoja naye walikuwamo watu waliosilimu siku zile zile. Mushrikina walikuwa na mti waliouita Dhatu Anwat, wakitundika silaha zao juu yake kutaka baraka. Wale Waislamu wapya walipopita penye mti wakamwomba Bwana Mtume awafanyie na wao Dhatu Anwat yao. Aliona jambo hili kuwa kubwa mno, akawaambia kuwa ombi lao ni mfano wa ombi la Bani Israili walipomtaka Nabii Musa awafanyie mungu. Huo ndio mpaka wenyewe. Yeye yule aliyekuwa na upanga wenye jina aliwakataza watu kuutundika upanga kwenye mti wenye jina. Kukiita kitu ili kijulikane ni halali. Kukiita ili kikuitikie ni shirki.

BAKULI NA DERAYA

Si silaha na vipando tu vilivyokuwa na majina. Nyumbani mwake palikuwa na bakuli kubwa lililoitwa Al-Gharraa, likichukuliwa na watu wane. Baada ya Sala ya Dhuha lilitengwa limejaa mkate uliorowa mchuzi, na watu wakalizunguka. Walipokuwa wengi Bwana Mtume alipiga magoti ili wapate nafasi wenziwe. Bedui mmoja akauliza ni kikao gani hiki, naye akajibu kuwa Mwenyezi Mungu amemfanya mja mkarimu, hakumfanya jabari mwenye inda. Bakuli lenye jina halikuwekwa kabatini kutazamwa na wageni; lilitolewa likala watu.

Zimo vitabuni orodha ndefu zinazotaja hata kioo chake na mkasi wake kwa majina. Baadhi ya orodha hizo isnadi zake ni dhaifu, kwa hivyo hatuzitegemei. Yaliyo mashuhuri yatosha.

Mwaka wa kumi (632) alihiji Hija ya kuaga, akawakhutubia watu siku ya Arafa juu ya mgongo wa Al-Qaswaa. Miezi michache baadaye, katika Mfungo Sita, mwaka wa kumi na moja, alifariki Madina, naye ana miaka sitini na mitatu. Hakuacha dinari wala dirhamu. Aliacha nyumbu wake mweupe, na silaha zake, na ardhi aliyoifanya sadaka. Na alikuwa na deraya iitwayo Dhatul-Fudhul, iliyoitwa hivyo kwa urefu wake. Siku aliyokufa deraya hiyo haikuwamo nyumbani mwake. Ilikuwa rehani kwa Yahudi mmoja, kwa pishi thelathini za shayiri alizozichukua kuwalisha watu wa nyumba yake.

Ndugu zangu, hapa na tusimame kidogo. Deraya hiyo ilikuwa na jina, nayo ilikuwa mali ya mbora wa viumbe. Lau ingekuwa ni ya mmoja wetu leo, tungeifungia ndani, tungeifukiza udi, na pengine tungewanywesha wagonjwa maji yake. Yeye aliiweka rehani kwa shayiri, kwa sababu chakula cha watu wa nyumbani ni bora kuliko chuma chenye jina.

Basi mwenye jahazi na alipe jahazi lake jina jema, na mwenye kalamu na aipe kalamu yake jina, hapana ubaya. Lakini avue hirizi omoni, alipe haki za mabaharia wake, na kalamu yake isiandike uwongo wala riba. Kiitwacho kwa jina jema na kifanye kazi njema. Na siku ya dhiki mwenye kuwa nacho asione vigumu kukitoa.

Wabillahi ttawfiq.